Treni ya rafuni imegoma: kabla hujafungua kichwa, pima reli

Jumapili moja, saa nane mchana, kichwa cha treni yangu ndogo ya mfano kilisimama sentimita arobaini kabla ya mwisho wa rafu na kikakataa katakata kuendelea. Nikakisukuma kwa kidole. Kikajikongoja shubiri moja, kikasimama tena. Usiku uliotangulia kilikuwa kikienda na kurudi bila neno. Hapo nikafanya kosa ambalo karibu kila anayeanza mchezo huu hulifanya: nikachukua bisibisi, nikakifungua. Saa mbili baadaye nilikuwa na gia mbili juu ya meza, springi moja imerukia nisikokujua, na ubovu uleule ukinisubiri palepale kwenye reli.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni moja: kichwa hakina kosa mpaka reli zithibitishwe. Kwa hiyo tunaanza na umeme unaoingia, tunapita kwenye nyaya, viungio na pointi (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), kisha magurudumu, na mota inakuja mwisho kabisa.

Rafu ninayoizungumzia

Ni ukanda wa plaiwudi ya milimita 12, urefu mita 2.4, upana sentimita 30, umekaa ukutani juu ya kochi, Dar es Salaam. Reli ni za skeli ya HO, yaani 1:87, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87, unapata karibu kabisa 1,435, ambao ndio upana wa SGR. Reli yetu ya zamani ya mita moja ingetaka njia ya milimita 12 hivi, na vifaa vyake ni adimu na ghali. Kwangu, basi, kichwa cha zamani cha bandarini kinatembea juu ya njia ya kisasa, na hajatokea bado mgeni wa kuligundua hilo.

Mpangilio ni ule uitwao Inglenook, wa Mwingereza Alan Wright: pointi mbili tu na njia tatu za kuegesha, moja ya mabehewa matano, mbili za matatu matatu. Mabehewa ni manane. Unachagua matano kwa kura na kuyapanga kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, kwa hiyo usihofu kuchoka. Naupendekeza kwa kila anayeanza, kwa sababu hitilafu zake zinatosha kukufunza bila kukukatisha tamaa. Duara zima lenye pointi kumi litakukatisha tamaa.

Umeme ni DC, volti 0 hadi 12, kutoka adapta ya volti 12 ampea 2 (zile za kamera za ulinzi) ikipitia kidhibiti mwendo kidogo chenye swichi ya kurudi nyuma. Umeme wa nyumba, volti 230, unaishia kwenye soketi ya ukutani. Chini ya rafu hauingii kabisa, na sitaeleza namna ya kuuingiza.

Vya kupimia ni mita ya kawaida ya mafundi na balbu moja ya indiketa ya pikipiki, volti 12 wati 10, iliyolehemiwa nyaya mbili. Hiyo balbu inaonekana kama kitu cha kuokoteza, lakini ndiyo itakayokufaa kuliko vyote.

Hakuna kitu kabisa

Usiguse treni. Tazama taa ya adapta.

Ikiwa imezimika na soketi ina umeme, adapta imekufa. Hapa kwetu mara nyingi huuawa na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, ukikatika, chomoa. Kama ulinunua seti ya mtumba kutoka Japani au Marekani, geuza transfoma yake usome mgongo kabla ya kuichomeka: ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120. Kwenye soketi yetu itanuka kabla hujafika jikoni kuchukua chai. Reli na treni za seti hizo hazina tatizo lolote. Ni transfoma tu ya kuweka pembeni.

Ikiwa taa inawaka na kuzima, inapepesa, hiyo ni shoti. Adapta inajaribu kuamka, inakuta nyaya zimegusana, inalala, inajaribu tena. Ondoa kila kitu juu ya reli, kichwa na mabehewa yote. Ikitulia, kosa ni la kitu ulichokiondoa, na mara nyingi ni gurudumu lililokaa upande. Isipotulia, usianze kukagua waya mmoja mmoja. Igawe rafu nusu: fungua konekta ya katikati, uone nusu ipi ina shoti. Gawa hiyo nayo. Kwa rafu ya mita 2.4 hatua tatu zinatosha kukufikisha kwenye kipande chenyewe.

Utakachokikuta ni mojawapo ya haya: skrubu iliyodondoka kati ya reli, matone ya risasi chini ya mbao, au waya uliolehemiwa reli isiyo yake. Hili la mwisho lina dawa moja tu, nayo ni rangi. Waya mwekundu ni wa reli ya upande wa ukuta, mweusi ni wa reli ya upande wako, na hakuna siku utakayovunja mpango huo kwa sababu mwekundu umekwisha. Nenda dukani. Mimi niliwahi kutumia waya wa kijani "kwa muda tu", na muda huo ulinigharimu jioni mbili.

Tahadhari moja kwa wanaotumia yale masanduku ya bati yenye matundu, ya kuwashia taa za LED za mikanda. Mengine hutoa ampea 10 na zaidi. Kwenye shoti sanduku kama hilo halilali haraka. Linasukuma tu, na ampea 10 zikipita kwenye gurudumu moja lililoanguka njia, plastiki inayeyuka. Weka fyuzi ya ampea 1 au 2 kati yake na reli.

Inakwenda vizuri karibu, inachoka mbali

Huu ndio ugonjwa wa Jumapili yangu, na ndio unaowasumbua watu wengi kuliko yote.

Nilipima. Kwenye konekta, volti 12.1. Mwisho wa rafu, treni ilipogomea, volti 12.1. Nikasema basi, umeme upo, kichwa ndicho kibovu. Nikakipeleka kwa mzee mmoja fundi redio wa mtaani kwetu. Hakukifungua.

"Ulipopima, treni ilikuwa juu ya reli?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa nimeitoa."

"Basi mwanangu hujapima kitu. Bomba lililoziba nalo lina presha, mpaka ufungue koki."

Akatoa balbu ya pikipiki kwenye kopo, akanipa, akarudi kwenye kazi yake.

Nyumbani nikaiweka balbu mwisho wa rafu, mguu mmoja kila reli, na mita palepale. Volti 7.4. Balbu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikaihamisha kurudi nyuma, kiungio kimoja kimoja. Volti 7.5, volti 7.5, halafu nilipovuka kiungio cha tatu toka mwisho ikaruka hadi 11.9 na balbu ikawaka nyeupe. Kiungio chenyewe kilikuwa kinang'aa, kizuri kutazama.

Sababu yake ni hii. Mita inakunywa umeme kidogo mno; ukinzani wake wa ndani ni ohm milioni kadhaa. Kiungio kichafu chenye ohm saba hakionekani mbele yake. Treni au balbu inaweza kunywa nusu ampea au zaidi, na nusu ampea ikipita kwenye ohm saba inaacha njiani volti tatu na nusu. Kwa balbu yangu, iliyokuwa ikivuta kama ampea 0.65, zilipotea karibu volti tano.

Na kwa nini mchana tu? Dirisha langu linatazama magharibi. Jua likipiga reli, zinarefuka: chuma cha nikeli-fedha urefu wa mita 2.4 kikipanda nyuzi 15 hurefuka zaidi kidogo ya nusu milimita. Hiyo ilitosha kuisogeza reli ndani ya kiungio kilicholegea, ikatoka kwenye doa safi na kukalia doa lenye kutu.

Viungio vya reli vimetengenezwa kushika reli zisipishane. Kwamba vinapitisha umeme ni bahati, na bahati hiyo huisha baada ya miezi michache ya hewa ya pwani. Dawa ni kulehemu waya kwenye kila kipande cha reli, hata kiwe kifupi vipi. Chini ya rafu pitisha nyaya mbili kuu, nyekundu na nyeusi, za milimita mraba 1.5, zile za kawaida za kuwekea taa za nyumba. Kutoka kila reli shusha waya mwembamba usiozidi sentimita 20 ukaungwe na ule mkuu. Usiumize kichwa juu ya unene: kwenda na kurudi mita tano za waya wa 1.5 ni ohm 0.06 tu. Volti hazipotei kwenye shaba, zinapotea kwenye viungio.

Kulehemu kwenye reli kunawatisha watu kwa sababu ya mataruma ya plastiki. Sugua ubavu wa nje wa reli kwa tupa mpaka uone chuma kipya. Paka risasi kwenye reli peke yake, na kwenye waya peke yake. Weka vipande vya tishu iliyolowa maji kushoto na kulia. Sasa leta waya, gusisha ncha ya moto, hesabu moja, mbili, ondoa. Kifaa cha wati 40 hadi 60 ni bora kuliko kile dhaifu cha wati 20, kwa sababu dhaifu kinakulazimisha kukaa sana na joto linasafiri hadi kwenye plastiki. Ile asidi ya mafundi wa bati na rejeta isikaribie rafu yako. Inaendelea kula waya miezi baada ya wewe kusahau.

Ukigeuza pointi, kila kitu kinakufa

Pointi ikiwa imenyooka, treni inakwenda. Ukiigeuza, taa ya adapta inaanza kupepesa na hata taa ya kichwa kilichoegeshwa mbali inazimika. Wengi huilaumu pointi na kununua nyingine, nayo inafanya vilevile.

Itazame vizuri. Reli mbili za ndani zinakutana na kufanya V. Kwenye pointi za aina moja, V hiyo ni plastiki, au chuma kilichotengwa, na haina umeme. Kwenye aina nyingine V ni chuma tupu na ina umeme, inaoupata kutoka kwenye ulimi wa pointi, yaani kipande cha reli kinachosogea, unaogusa reli ya pembeni. Tuseme pointi inachepukia upande wako. Ikinyooka, ulimi unagusa reli nyeusi na V inakuwa nyeusi. Ikichepuka, ulimi wa pili unagusa reli nyekundu na V inakuwa nyekundu. V moja, rangi mbili kwa zamu.

Sasa wewe, kwa kutii ushauri wangu wa waya kila kipande, umelehemu waya mweusi kwenye reli ya ndani ng'ambo ya V, kwenye njia iliyonyooka. Ni sahihi kabisa kwa njia hiyo. Lakini ukichepusha pointi V inageuka nyekundu, na waya wako mweusi umeungana nayo moja kwa moja. Shoti.

Dawa ni viungio viwili vya plastiki, kimoja kwa kila reli ya ndani inayotoka kwenye V. Ng'ambo ya plastiki lehemu nyaya zako kwa rangi zilezile. Kama umeshagandisha reli na huwezi kuingiza kiungio, kata reli kwa msumeno mwembamba na ujaze ufa kwa kipande cha plastiki na gundi, usiuache wazi, kwani joto la mchana litaufunga.

Kwa Inglenook unaweza pia kuacha njia za kuegesha bila nyaya zake zozote na kuziachia pointi zigawe umeme. Njia uliyoichagua inapata umeme, nyingine inalala. Wengine huliona hili kuwa hitilafu. Si hitilafu; ni njia ya bure ya kuegesha kichwa cha pili.

Hitilafu yenyewe ni pale pointi imegeuka sawasawa lakini njia uliyoichagua haina umeme. Hapo ulimi haugusi vizuri. Chukua kadi ngumu ya karatasi, iloweshe spiriti kidogo, ibane kati ya ulimi na reli ya pembeni, uivute. Itatoka na mstari mweusi. Utafanya hivyo kila mwezi mpaka uchoke, ndipo utafanya nilivyofanya mimi: swichi ndogo ya kuteleza yenye miguu mitatu, zile za redio za zamani, unaifunga chini ya mbao na kupitisha waya mgumu kutoka kwenye kitelezi chake hadi kwenye tundu la pointi. Mguu wa kati unaungwa na V, mmoja wa pembeni na mwekundu, mwingine na mweusi. Ukiisukuma, inasogeza ulimi na kuipa V umeme kwa pigo moja. Ikiwa rangi umezibadilisha utajua mara moja, kwa shoti. Badilishana miguu ya pembeni.

Kwa V ya plastiki malalamiko ni tofauti: kichwa kidogo cha magurudumu manne kinasimama juu yake kila mara. Gurudumu moja liko kwenye plastiki, na kama lile lingine la upande huohuo ni chafu, umeme umekatika. Kuongeza uzito kunasaidia. Kukimbiza treni kunasaidia pia, ila kunaharibu raha yote ya kupanga mabehewa polepole. Kama bado hujanunua, nunua pointi zenye V ya umeme.

Mota za kugeuzia pointi nazipita haraka, kwani rafu ya sentimita 30 mkono unafika kote. Moja tu: zile za sumaku zinazopiga "tak!" haziwezi kushikiliwa kitufe. Sekunde chache zinaungua. Zilishe kutoka kwenye kapasita, ili hata ukisahau kidole, umeme uishe wenyewe.

Inasitasita kila mahali, na cheche chini ya magurudumu

Huu ni uchafu, na pwani hauna likizo. Kuna vumbi la feni, kuna hewa ya chumvi, na kwangu sebule inapakana na jiko, hivyo mwezi wa Ramadhani mvuke wa mafuta ya sambusa unatua kwenye reli kama utando. Kila cheche inauchoma na kuacha masizi meusi, na masizi yanaleta cheche nyingine.

Kitambaa cha pamba na spiriti safi kinatosha. Soma chupa: spiriti nyingine za duka la dawa zimechanganywa mafuta ya ngozi, na hizo zinaacha utando mpya mahali pa ule wa zamani. Usitumie msasa, mikwaruzo yake ndiyo makao ya uchafu wa kesho. Stilwaya ya kusugulia masufuria ni mbaya zaidi, kwa sababu nywele zake zinavutwa na sumaku ya mota, zinaingia ndani, na hapo utakuwa na kichwa kibovu kweli.

Watu husafisha reli na kusahau magurudumu. Tandaza tishu yenye spiriti juu ya reli, weka magurudumu ya mbele ya kichwa juu ya tishu na ya nyuma kwenye reli tupu, kishike kwa mkono, fungua umeme. Yanajisugua yenyewe. Geuza, rudia. Kwa vichwa vinavyochukua umeme magurudumu yote haikawii. Mistari miwili myeusi itakayobaki kwenye tishu itakushtua.

Inaanguka njia

Jiulize swali moja kabla ya yote: inaanguka mahali palepale, au ni behewa lilelile? Ikiwa ni mahali, kosa ni reli. Ikiwa ni behewa, kosa ni magurudumu yake.

Kwa reli, pitisha ukucha juu ya kila kiungio. Ukikwama, ukingo mmoja uko juu, na kuna uwezekano reli imepanda juu ya kiungio badala ya kuingia ndani yake. Kwenye pointi, tazama kama ulimi unafunga kabisa. Punje moja ya mchanga inatosha kuacha mwanya ambao gurudumu litauchagua. Mimi huweka simu usawa wa reli na kurekodi video ya mwendo wa polepole. Jicho halioni gurudumu linapopanda, video inaona.

Kwa magurudumu, pima nafasi ya ndani kati ya migongo yao. Kwa HO inatakiwa iwe milimita 14.4 hadi 14.5. Mara nyingi gurudumu limesogea kwenye ekseli. Lizungushe huku unalivuta au kulisukuma, polepole, mpaka lifike. Halafu pima uzito. Chama cha Marekani cha wachezaji wa treni hizi, NMRA, kinapendekeza kwa HO wakia moja, na nusu wakia zaidi kwa kila inchi ya urefu. Behewa la sentimita 10 linatoka karibu gramu 85. Yangu yalikuwa na gramu 40. Nikayalisha nati kuukuu ndani, nikazibana kwa gundi, na nusu ya ajali zikaisha.

Ilikuwa nzima mpaka nilipomwaga kokoto

Pole. Gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa maji, uliyogandishia kokoto kati ya reli, imeingia chini ya ulimi wa pointi. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, subiri, chezesha ulimi taratibu, usiulazimishe. Wakati mwingine kokoto zingali mbichi umeme unavuja na kidhibiti kinakuwa na tabia za ajabu. Ziache zikauke siku mbili kabla ya kuhukumu.

Kama ulitumia mchanga wa ufukweni kuna mawili. Chumvi yake inavuta unyevu na kula nyaya, kwa hiyo ulipaswa kuoshwa maji baridi mara kadhaa na kukaushwa. La pili ni punje nyeusi nzito zilizomo kwenye mchanga wa pwani yetu. Baadhi zinashika sumaku. Funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga kabla ya kuutumia. Ikitoka na ndevu nyeusi, rudia mpaka zikome.

Masika yameinua reli

Reli imejipinda kama nyoka katikati ya njia, au mbao imebonyea kati ya mikono ya chuma. Plaiwudi ilipakwa rangi juu tu, ikanywa unyevu kwa chini. Ilipaswa kupakwa vanishi pande zote na kingoni kabla ya reli ya kwanza kulala. Ukishachelewa, subiri jua la Juni, paka chini, ongeza mikono ya chuma iwe kila sentimita 60, na kwenye viungio visivyolehemiwa acha nafasi ya unene wa kadi ya jina. Pima kwa pima maji baadaye, urefu na upana. Mabehewa yanayotembea yenyewe ukiyaachia si ya mashetani; rafu imelala upande mmoja.

Kwa wenye mfumo wa kidijitali

Huu ni mfumo ambao kila kichwa kinapewa amri kwa namba yake. Kwa rafu ya kichwa kimoja sioni haja yake, lakini wapo walionao. Kichwa kipya kisichoitika kijaribu kwa namba 3, ndiyo karibu vyote vinatoka nayo kiwandani. Kisichokuwa na dikoda, kile kibao kidogo cha kupokea amri, kikiwekwa kwenye reli hizo kinavuma na kupata joto, kitoe. Na jaribio la sarafu ni la lazima: weka sarafu ya chuma juu ya reli mbili, kila kipande cha njia. Kifaa cha kuongozea mfumo kinatakiwa kikate umeme papo hapo. Mahali kisipokata, viungio ni dhaifu, na siku treni ikianguka hapo ampea tatu au tano zitapita kwenye gurudumu bila mtu kujua.

Sasa, kichwa

Umefika hapa na balbu inawaka nyeupe kila kipande cha njia, lakini kichwa hakiendi. Chukua betri ya volti 9, gusisha nyaya zake kwenye magurudumu ya kushoto na ya kulia. Kikitembea, rudi kwenye reli, kuna mahali umeruka. Kisipotembea, fungua kifuniko na gusisha betri moja kwa moja kwenye mota. Mota ikizunguka, tatizo ni vile vibati vinavyogusa nyuma ya magurudumu: vimepinda au vimejaa nywele na nyuzi za zulia. Mota ikivuma bila kuzunguka, zungusha gia kwa kidole. Mafuta ya zamani hugeuka gundi, hasa kwa vichwa vya mtumba vilivyokaa miaka kwenye boksi. Safisha, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, kwa ncha ya sindano. Tone moja. Na kama ni kichwa cha kisasa chenye mota ndogo isiyo na kiini cha chuma, na kidhibiti chako ni kile cha bei ya chini kinachopiga mlio mwembamba, joto linaweza kuwa linatoka kwa kidhibiti chenyewe. Kijaribu kwa kingine kabla ya kuagiza mota.

Fanya ufunguzi huo mikono yako ikiwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki angavu. Springi yangu ilionekana wiki mbili baadaye, ndani ya kandambili la mgeni, naye ndiye aliyeipata kwa kuikanyaga.